Jina Linaloitwa Mwezi Unapoandama

Sippari, ndani ya ukuta wa Shamashi
Siku ya 4, mwezi wa maji kupanda, mwaka ambao mfalme alichimba mfereji wa Neema ya Watu

Kwa mdogo wangu Ibni-Adad wa Kar-Ubara. Anayesema nawe ni dada yako Beltani. Shamashi, bwana wa jua, na mkewe Aya wakulinde kwa ajili yangu, maana nikikukosa wewe sina mwingine wa kumwombea.

Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika asubuhi, likishaota jua linanyamaza. Nisalimie wifi yangu Rishatum, na hao wanangu wawili ninaowajua kwa majina tu. Yule mkubwa ameota meno ya mbele? Mwaka jana ulisema yameng'oka ukaishia hapo, ukaniacha nahangaika na mtoto kibogoyo.

Vitunguu vimefika. Nusu vilikuwa vimeoza, na vile vizima mwenzangu wa chumba cha pili alivila vyote akakusifu sana. Samaki wakavu sikuwaona. Ama hukuwatuma, ama mwenye mashua aliwatafuna akijua kwamba mwanamke wa ndani ya ukuta hawezi kumkimbiza barabarani.

Sasa nisikilize. Hapa watu wanashangilia mfereji mpya. Kuhani alisimama ngazini akatusomea jina la mwaka, ngoma zikapigwa, tukagawiwa bia. Mimi nilikunywa ya kwangu huku nawaza: maji yakikatwa huku juu yakapelekwa mashariki, nyinyi mlioko chini mtabakiwa na nini? Niambie ukweli, Ibni. Kama hali ni mbaya, fungasha uje na watu wako. Kuna nyumba nje ya ukuta, mtaa wa wafumaji, mwenye nayo ananiheshimu.

Halafu lile swali langu. Huu ni mwaka wa nne nakuuliza. Mama alisema nini juu yangu siku zake za mwisho? Hata kama ni neno moja, hata kama ni baya, nataka kulisikia. Mimi ninasoma mwenyewe na kuandika mwenyewe, hakuna atakayejua.

Udongo wa ubao huu umeanza kukauka, naishia hapa.


Kar-Ubara
Siku ya 20, mwezi wa mavuno ya shayiri, mwaka uleule. Jina lake silitaji.

Kwa dada yangu Beltani. Anayesema ni Ibni-Adad, kwa mkono wa mzee Gimillum mwandishi, ambaye anakusalimu na anasema hajasahau ulivyokuwa unamwibia udongo wake kwenda kufinyanga bata. Miungu ya mji wako na ya mji wangu ikuweke.

Nilimwambia Gimillum, "Andika hatujambo."

Akaniuliza, "Hatujambo kiasi gani?"

"Mzee, kazi yako kuandika. Andika hatujambo."

Basi hatujambo. Mkubwa ameota meno, tena mapana, anatafuna kila kitu mpaka mkanda wangu. Mdogo anaitwa jina la baba na ana ubishi wa baba. Rishatum anakusalimu. Samaki niliwatuma, tena wanane. Mwenye mashua nikimwona nitamuuliza, ila hajapita siku nyingi.

Maji yamepungua kidogo. Si mara ya kwanza mto kununa. Shayiri imefika magotini badala ya kiunoni, lakini shayiri fupi inavunwa haraka, mgongo haumi. Upande wa kusini shamba limekuwa jeupe kwa chumvi, ng'ombe wanakwenda kulilamba, kwa hiyo nao wamefaidika. Vitunguu safari hii havikunenepa vizuri, nitatuma mwakani.

Kuhusu kuja huko, nyumba yetu ni nzuri na kuta zake baba alizisimamisha mwenyewe. Sina sababu.

Gimillum anasema nafasi ya ubao imekwisha.


Sippari
Siku ya 2, mwezi wa jua kali

Kwa Ibni-Adad. Anayesema ni Beltani. Ukae salama, ingawa una kichwa kigumu.

Nafasi haikuwa imekwisha. Nyuma ya ubao kulikuwa kutupu, ningeweza kupanda vitunguu hapo. Mzee Gimillum nilimwibia udongo lakini sikumfundisha uongo.

Kwanza, usirudie kuniandikia kwamba jina la mwaka hulitaji. Barua zako zinapita mikononi mwa watu. Kama mfereji umekukata koo, niandikie hilo ndani, na juu uandike jina la mwaka kama raia wengine.

Pili, nimemwita mwenye mashua kwenye lango letu. Nilimuuliza kuhusu samaki akaapa kwa miungu sita. Nikamuuliza kwa nini hapiti tena Kar-Ubara. Akanitazama akasema, "Bibi, nipite juu ya nini? Gati lipo, maji hayapo. Mara ya mwisho tulishuka tukasukuma, na wenyeji walisimama ukingoni wakitutazama." Ibni, wewe ulikuwa mmoja wa hao waliosimama?

Mimi niliondoka katika mji huo nina miaka kumi na mitatu na wewe una sita. Ulikuwa umemshika mama nguo. Baba alikuwa ameniwekea nadhiri kwa Shamashi kabla sijajua kutembea, na siku ya nadhiri ilipofika alinipandisha mashuani. Maji yalikuwa yanagonga ngazi ya juu ya gati. Nimekaa humu miaka ishirini na moja, sina ruhusa ya kuzaa, sina ruhusa ya kusafiri, na nikifumba macho bado nayaona yale maji. Siwezi kuyafikiria hayapo.

Nakutamani, mdogo wangu. Natamani kujua sauti yako imekuwa nzito kiasi gani. Njoo.

Tena hujanijibu kuhusu mama. Uliniandikia habari za ng'ombe kulamba chumvi.


Kar-Ubara
Siku ya 11, mwezi wa kwanza wa kupanda, mwaka ambao mfalme alichimba mfereji wa Neema ya Watu

Kwa dada yangu Beltani. Anayesema ni Ibni-Adad. Uwe na afya, na goti lako lipone.

Jina la mwaka nimeliandika lote, hapo juu, ufurahi.

Barua yako ilikuja kwa punda, imechukua miezi miwili, na bahasha yake ya udongo ilikuwa imepasuka, kwa hiyo kila aliyeibeba amejua nina kichwa kigumu. Sisi hatujambo.

Watu wanahama, hilo ni kweli. Unajua miti ilivyo adimu kwetu, basi mtu akihama anang'oa mlango na boriti za paa, anavifunga juu ya punda, anaondoka. Ukipita mtaani unaona nyumba zimeacha midomo wazi. Muuza bia ameondoka na milango miwili, mmoja si wake. Nilimwambia, "Huo ni wa jirani yako." Akanijibu, "Jirani akirudi hapa atanidai, ila mimi sirudi." Tumecheka sana siku hiyo.

Kisima bado kinatoa maji. Yana ladha, lakini yanatoka. Vyura hawalii tena.

Umeniambia nije, na safari hii nitakujibu. Mama yuko chini ya sakafu ya chumba cha ndani, pembeni mwa baba na babu. Kila mwezi unapoandama namwaga maji kwenye bomba la sakafuni linaloshuka hadi kwao, naweka mkate, naita majina yao, wananywa. Nikiondoka nani atawaita? Wewe ndiye unayekaa karibu na mungu, wewe ndiye unayejua wafu wasioitwa wanakuwaje. Wanatembea na njaa. Nimuache mama atembee na njaa katika mji usio na mtu?

Majirani wengine wamechimba mifupa yao wakaenda nayo. Mtungi wa jirani wa kushoto ulipasuka njiani, sasa hajui ni yupi baba yake na ni yupi shangazi. Mimi mama yangu simgusi.

Gimillum anahamia kwenye mfereji mpya, huko kuna kazi ya kuandika. Hii ni barua yangu ya mwisho kutoka hapa. Usihangaike ukiona kimya.


Sippari
Siku ya 9, mwezi wa baridi

Kwa Ibni-Adad. Miungu ikulinde, mimi leo sina nguvu ya kukuombea zaidi ya hapo.

Jana niliitwa langoni. Nikakuta mwanamke ana watoto wawili, punda mmoja, na mlango.

"Wifi," akaniambia, "mimi ni Rishatum."

Nilimkumbatia kwanza. Halafu nikauliza kwa nini amebeba mlango.

"Ni wangu. Baba yangu alinipa siku ya harusi. Siwaachii mbweha."

"Na mumeo?"

"Mume wangu ameoa sakafu." Hapo akajifanya anamfunga punda. "Nilimwambia watoto wanaharisha kwa maji yale. Akasema mwezi ukiandama tena tutaona. Umeandama mara tatu, wifi. Mara ya nne nikang'oa mlango mbele yake. Akanisaidia kuubeba."

Ukamsaidia kuubeba! Nyumba haina mlango, haina mke, haina mtoto, na wewe unaniandikia hatujambo na kunichekesha na muuza bia.

Watoto nimewaweka mtaa wa wafumaji. Wamekunywa maji ya mto mpaka wakatapika. Mkubwa ana meno mapana kweli. Mdogo alinitazama muda mrefu akauliza kama mimi ndiye shangazi. Nikasema ndiyo. Akamgeukia mama yake: "Mbona baba anamwita na wafu?"

Rishatum alimziba mdomo, lakini maneno yalishatoka. Nikambana. Akakataa. Nikambana tena mpaka akalia, ndipo akasema kwamba mwezi ukiandama wewe unawaita babu, baba, mama, halafu unaniita mimi. Kwa jina langu la zamani, lile nililovuliwa siku nilipoingia humu nikapewa hili la Beltani. Unaniita Narubtum, na unamwaga maji.

Ibni, mimi ni mzima! Hata mtoto mdogo anajua kwamba ukimwita mtu aliye hai pamoja na wafu unamfungulia mlango aingie kwao. Nimekukosea nini? Miaka yote hii nimekuombea wewe asubuhi na jioni, kumbe mwenzangu unanizika kila mwezi?

Nijibu hili. Habari ya vitunguu sitaki.


Sippari
Siku ya 1, mwezi wa mafuta ya ufuta

Kwa Ibni-Adad. Umekaa kimya miezi miwili. Rishatum anaamka kila asubuhi anakwenda kutazama barabara ya kusini, akirudi simuulizi. Kama unaweza kutembea, tembea. Kama huwezi, mwambie anayepita aniambie.


Kwenye mfereji mpya, nje ya kibanda cha Gimillum
Siku ya 17, mwezi wa mafuta ya ufuta

Kwa dada yangu. Anayesema ni Ibni-Adad.

Barua zako mbili nimezipata kwa pamoja. Mchunga mbuzi alizikuta gatini, aliyezileta aliogopa kuingia mjini akazitua akaondoka. Nimetembea siku mbili kuja kwa Gimillum nisomewe. Alipofika pale penye Narubtum akasema, "Hili jina sijaliandika tangu ulipokuwa mtoto." Nimemwambia aandike kila nitakachosema, hata nikijikwaa.

Si mimi niliyeanza. Ni mama.

Siku mashua yako ilipoondoka, alirudi nyumbani akaenda moja kwa moja chumba cha ndani, akamwaga maji, akaita jina lako. Baba alimpigia kelele. "Mtoto yuko hai, mwanamke! Yuko kwa mungu!" Mama akamwambia, "Aliye kwa mungu ni huyo wenu mtakayempa jina jipya. Wangu ni Narubtum, na wangu simwoni." Mwezi ulipoandama tena akafanya vilevile. Baba akachoka kukataza.

Barua zako zilipokuja, Gimillum alizisoma ukumbini. Zilianza kila mara, anayesema ni binti yako Beltani. Mama akisikia jina hilo alikwenda kutazama chungu jikoni. Chungu mara nyingi kilikuwa hakina kitu. Lakini dada, alisimama pale nyuma ya ukuta mpaka barua inakwisha. Mimi nilimwona. Na ubao alikuwa anauchukua baadaye, anaupitisha kidole.

Ulitaka kujua alisema nini siku za mwisho. Alinishika mkono akasema, "Nimwagie maji. Na usimwache mwanangu." Nikadhani mwana huyo ni mimi, nisijiache. Akasema, "Narubtum. Usimwache na kiu." Nikaapa. Hakusema kingine.

Nilijua ni makosa. Lakini nikiacha, mama angesikia kwamba sauti imepungua. Ndiyo maana sikukujibu miaka minne. Ningekuambiaje kwamba mama alikulilia kama maiti, na mimi naendeleza?

Kisima kimekufa. Kutoka hapa nitabeba viriba viwili vya maji, kimoja changu, kimoja chao. Vitanifikisha hadi mwezi mwandamo. Baada ya hapo sijui. Miguu imevimba kidogo. Waambie watoto hatu

Gimillum hapa. Ameniambia niandike hatujambo. Nimekataa. Amekonda mpaka mkanda unamzunguka mara mbili, na asubuhi anarudi kule. Binti yangu, kama una neno, lilete upesi. Nina mtu mwenye punda mwepesi, nimempa huu ubao sasa hivi.


Sippari
Siku ya 23, mwezi wa mafuta ya ufuta, mwaka ambao mfalme alichimba mfereji wa Neema ya Watu

Kwa mdogo wangu Ibni-Adad. Anayesema ni dada yako.

Mwenye punda anangoja langoni, nimemwambia asifungue hata mizigo. Ubao wako umefika leo. Atapita kwa Gimillum, amchukue mzee hata kwa kumfunga juu ya tandiko, aje kukusomea huko huko ulipo. Ana viriba vinne vya maji. Kunywa kwanza, ndipo usikilize.

Nimelia, nisikufiche. Nilipomaliza nikacheka, Rishatum akadhani nimerukwa na akili. Miaka ishirini na moja nimelala humu nikiamini kwamba nyumbani kwetu hakuna anayenitaja. Nilikuwa nimeshajizoesha. Wenzangu wa humu hawana watoto kama mimi, kila mmoja anahangaika nani atamwita akifa, wanachukua hata watoto wa watumwa kuwafanya warithi wapate wa kuwamwagia maji. Mimi ndiye niliyehangaika kuliko wote, na sikukuambia, kwa sababu nilitaka uje kwa kupenda kwako, si kwa kunionea huruma. Kumbe nimeitwa kila mwezi tangu siku ya kwanza, na mama mwenyewe. Hasira zangu zote zimekwisha, sina hata ya kukuazima.

Sasa tumia akili yako vizuri. Umenimwagia maji Kar-Ubara na mimi niko Sippari, mwendo wa siku nyingi. Ama jina likiitwa kwa mbali linafika, ama halifiki. Kama halifiki, hukunikosea kitu, na usijilaumu tena. Kama linafika, basi mama tutamwita kutoka hapa, wewe na Rishatum na watoto, kwa maji matamu ya mto, naye atakunywa vizuri kuliko anavyokunywa sasa hayo ya kiriba. Nimelifikiria hili tangu asubuhi, nimeligeuza huku na huku, sioni pa kukosea. Na kama napo nimekosea, kosa ni langu, mama aje anidai mimi.

Mifupa usiiguse. Waache walale na wenzao. Mwezi unapoandama mwaga maji yote, usibakize hata ya kunawa. Mwite babu, mwite baba, mwite mama, na umwambie wapi utakapomwitia tena: Sippari, mtaa wa wafumaji, nyumba ya tatu kutoka kisimani, mlango wake ni ule wa Rishatum, atautambua. Mwambie taratibu, alikuwa hapendi kuharakishwa.

Halafu ukifika kwenye jina langu, nyamaza. Atashtuka. Mwambie unakwenda kuniita mwenyewe. Ziba bomba kwa udongo, toka, usigeuke.

Sitaruhusiwa kuja kukulaki njiani. Mwisho wangu ni langoni. Nitakaa pale kila siku kuanzia mwezi ukiandama, goti liume lisiume. Ukifika, mlinzi wa lango atakuuliza unamtaka nani. Usiseme Beltani. Sema unamtaka Narubtum. Atakwambia humu hakuna mtu wa jina hilo, na yeye ni mzee, amekaa hapo miaka mingi, atakuwa na hakika. Wewe usibishane naye. Liite kwa sauti kubwa, kama unavyoliita huko, nami nitaitika.